Mtoto akianza kujikwaa magharibi: jinsi ya kujua mwili unakosa vitamini gani na cha kufanya jikoni kwako

Nianze na mtoto wa dada yangu maana yeye ndo aliyenifanya nijifunze haya mambo. Alikuwa na miaka minne hivi, kwetu Ujiji hapa Kigoma, mchana anacheza na wenzie vizuri kabisa, anakimbiza tairi, anaokota kokoto, ila jua likishazama na adhana ya magharibi ikasikika anabadilika, anakuja kukaa miguuni kwa mama yake hataki kusogea, ukimtuma kikombe anapapasa ukuta kama mzee. Wengine wakasema anaogopa giza, bibi yetu akasema huyu kuna mtu kamfanyia kitu, na sisi tukakaa hivohivo karibu mwezi mzima mpaka siku alipolikanyaga jiko la mkaa likiwa limewaka katikati ya uwanja, jiko ambalo mtu mwingine yeyote alikuwa analiona. Alipopelekwa zahanati kufungwa kidonda nesi akauliza swali moja tu, "mama, huyu mtoto jioni anaona?"

Ilikuwa vitamini A. Dada alikuwa amekaa na mumewe kambi ya uvuvi huko kusini mwa Ziwa Tanganyika, matone ya vitamini A wanayopewa watoto yakapita mara mbili mtoto hajapata. Akapewa kapsuli pale pale, akaambiwa amrudishe kesho yake kwa ya pili na tena baada ya wiki mbili, na ndani ya siku chache mtoto akaanza kucheza mpaka usiku. Mguu una kovu mpaka leo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nyumba hiyo haijawahi kukosa mawese hata siku moja. Na mawese mekundu ni katika vyakula vyenye chanzo kikubwa kabisa cha vitamini A duniani. Sasa ilikuwaje? Jibu liko kwenye sufuria, nitalifikia, ila kwanza tuelewane hizi vitamini ni nini maana watu wengi wanadhani ni vidonge vya duka la dawa.

Vitamini ni vitu ambavyo mwili unavihitaji kidogo sana, vingine kwa kiasi ambacho huwezi hata kukiona kwa macho, ila hauwezi kuvitengeneza wenyewe au hautengenezi vya kutosha, kwaiyo lazima viingie na chakula. Havikupi nguvu kama ugali wala havijengi nyama kama samaki, kazi yake ni kuwezesha mambo mengine yafanyike. Ziko 13 kwa jumla: A, C, D, E, K na nane za kundi B. Hapo usihangaike kukariri majina, shika kitu kimoja tu, kuna zinazoyeyuka kwenye maji (C na zote za B) na zinazoyeyuka kwenye mafuta (A, D, E, K). Hii ndo inayoamua unapikaje. Zile za maji zinatoka na maji ya kuchemshia ukiyamwaga, na mwili hauziweki sana, vitamini C ukikosa kabisa miezi mitatu hivi tayari umeanza kuumwa, isipokuwa B12 ambayo ini linaweza kuitunza hata miaka kadhaa. Zile za mafuta zinakaa kwenye ini na kwenye mafuta ya mwili, zinahitaji mafuta kidogo ili tumbo lizipokee, na kwa sababu zinakaa, ukizidisha vidonge zinakudhuru.

Mawese: usiyachome

Wewe unayepika chukua sufuria leo uangalie kwa makini. Ukiweka mawese mekundu kwenye moto yanaanza kuwa mepesi, yanang'aa rangi ile ya chungwa lililoiva sana. Hapo ndo pa kutia kitunguu. Ila sisi wengi tumefundishwa kuyaacha mpaka yatoe moshi, yatoe ile harufu, na ukiangalia ndani ya sufuria utaona wekundu unaondoka wenyewe, yanakuwa manjano, alafu yanakuwa meupe karibu kama mafuta ya alizeti, na mpishi anaridhika kwamba sasa yameiva na hayatanukia. Ule wekundu uliopotea ndo ulikuwa vitamini yenyewe! Inaitwa karotini, mwili ndo unaigeuza kuwa vitamini A, na moto mkali wa muda mrefu unaiua. Nyumbani kwa dada walikuwa wanayachoma hivo kila siku, miaka yote, mboga haina wekundu hata tone.

Namna ya kufanya: chemsha maharage yako mpaka yaive, weka nyanya na kitunguu, alafu mawese yatie mwishoni yachemke pamoja na mchuzi dakika chache. Au yapashe moto mpaka kitunguu kianze kulia tu, basi, usisubiri moshi. Kama ile ladha ya mawese mabichi inakusumbua ongeza kitunguu swaumu na tangawizi, na utazoea, mimi mwenyewe ilinichukua kama wiki mbili. Kipimo chako kiwe sahani, ukimaliza kula na sahani ina alama nyekundu pembeni basi umekula vitamini. Mtoto mdogo vijiko viwili vya chai vya mawese mekundu kwa siku kwenye uji au mboga vinakaribia kutosha mahitaji yake ya vitamini A.

Kitu kingine, jua nalo linaiua. Zile chupa zinazopangwa barabarani pale Mwandiga zinapigwa jua kutwa nzima, ukiweza muombe mama muuzaji akupimie kutoka kwenye dumu lililokaa kivulini, na nyumbani weka kabatini penye giza na kifuniko kimefungwa.

Soma mwili kuanzia juu kwenda chini

Hivi ndo ninavyofanya mimi nikimwangalia mtoto au mgonjwa nyumbani, na nisisitize kwamba hii ni ya kukusaidia ujue uende zahanati ukiwa na la kusema, sio ya kujitibia.

Macho. Asipoona jioni, au weupe wa jicho kuwa mkavu usiong'aa, au kuwe na kadoa keupe kama povu la sabuni pembeni ya mboni, hiyo ni A na usikae nayo hata siku mbili maana ikifika kwenye kioo cha jicho kuwa na kidonda, mtoto anapofuka na haponi tena. Mtoto mwenye surua ndo hatari zaidi, surua inakomba vitamini A yote mwilini, ndo maana hospitali wakimkuta mtoto na surua wanampa vitamini A siku mbili mfululizo. Na sio macho tu, upungufu wa A unashusha kinga, mtoto anakuwa wa kuhara na kukohoa kila wiki na watu hawaunganishi.

Mdomo. Vidonda pembeni pale midomo inapokutana, vinavyochanika ukipiga miayo, na ulimi kuwa mwekundu laini kama umemenywa, hizo mara nyingi ni za kundi B, hasa B2, au ni damu imepungua. Fizi kuvimba na kutoka damu hata bila kupiga mswaki, vidonda visivyopona, viungo kuuma, hicho ni kiseyeye, umekosa C. Kiseyeye kiliua mabaharia kweli kweli zamani, mpaka daktari mmoja wa meli ya Kiingereza aitwae James Lind mwaka 1747 alipowagawa wagonjwa wake makundi na kuwapa vitu tofauti, na waliopewa machungwa na ndimu ndo waliopona haraka. Sisi huku tuna mapera yanaoza chini ya mti! Pera lina vitamini C kama mara nne ya chungwa kwa uzito uleule, watoto wakiupanda mti waache wale, wayaoshe tu.

Ngozi. Hapa nataka wanaokula ugali wa mahindi asubuhi mchana jioni wasikilize. Mtu akianza kupata weusi na magamba sehemu zinazopigwa na jua tu, mikono, juu ya miguu, na shingoni inazunguka kama mkufu, alafu anaharisha, alafu anaanza kusahau na kuchanganyikiwa, hiyo ni pelagra, ukosefu wa B3, na isipotibiwa inaua. Mahindi B3 yake imefungika, mwili hauipati vizuri, kwaiyo anayekula mahindi matupu bila karanga wala maharage wala samaki ndo anapata. Iliwapata maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi mwaka 1990 baada ya karanga kutoka kwenye mgao wao. Sisi mkoa wetu umepokea wakimbizi miaka na miaka, tunajua mgao ukipunguzwa maisha yanakuwaje, kwaiyo hili sio la mbali.

Miguu. Ganzi, kuwaka moto nyayo, kukosa nguvu, au miguu kuvimba, inaweza kuwa B1 au B12, na inaweza kuwa vitu vingine kabisa kama ugonjwa wa sukari, kwaiyo hapa upimwe. B1 inawapata sana wanaokunywa pombe kali kila siku bila kula, kama una baba au kaka wa hivo mwangalie miguu. Na mgonjwa wa kifua kikuu akipewa B6 pamoja na dawa zake asiache kuinywa akidhani ni ya ziada tu, iko pale kwa sababu dawa ya TB inaweza kuleta ganzi. Miguu ya mtoto kupinda, matege, hiyo inaweza kuwa D au kalsiamu. D ni ya jua, mtoto anayefungiwa chumbani na dada wa kazi kutwa nzima anaweza kuikosa hata hapa kwetu penye jua lote hili, mtoe nje acheze.

Rangi ya viganja na kope za ndani zikiwa nyeupe, damu imepungua. Inaweza kuwa chuma, ambacho ni madini sio vitamini, inaweza kuwa foliki (B9) au B12, na kwetu huku kabla ya yote inaweza kuwa malaria au minyoo. Usinunue dawa ya damu dukani, kapime.

Dagaa, mboga na ugali

Dagaa wetu ni mali, na kinachoniudhi ni kuona tunauza wote alafu mtoto anakula ugali na mchuzi wa nyanya. B12 haipo kabisa kwenye majani wala maharage wala muhogo, ipo kwenye vitu vya wanyama tu, na dagaa anayo kwa wingi, na kwa sababu unamla na mifupa yake unapata kalsiamu pia. Samaki mdogo anayeliwa mzima vitamini A yake imekaa zaidi kwenye macho na ini, kwaiyo wale wanaokata kichwa na kutoa tumbo kwa sababu ya uchungu wanatupa sehemu yenyewe. Dagaa mbichi akitoka mwaloni Kibirizi asubuhi na akapikwa siku hiyohiyo ndo bora kwa A, akishaanikwa juani A inapungua sana ila B12 na kalsiamu zinabaki, kwaiyo wa kukausha bado ana faida kubwa. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, waliokuwa na debe la dagaa wakavu ndani ndo waliendelea kula vizuri. Kwa mtoto aliyeanza kula, miezi sita na kuendelea, osha dagaa wakavu vizuri mchanga uishe, wakaange bila mafuta kwa moto mdogo mpaka wavunjike, watwange, chekecha, weka kwenye chupa kavu, na kila uji wake tia kijiko kimoja cha unga huo.

Mboga za majani, mchicha, lengalenga, matembele, majani ya maboga, zina A, C na foliki, ila tunaziua kwa namna tatu. Tunazikata alafu ndo tunaziosha, vitamini za maji zinaondoka na yale maji ya kijani. Tunazichemsha nusu saa na kumwaga maji. Na tunazila chukuchuku bila tone la mafuta alafu tumbo linashindwa kuchukua ile A. Kwaiyo osha zikiwa nzima, kata kubwakubwa, sufuria ikiwa imeshapata moto tia na maji kidogo tu, funika, dakika tano mpaka saba toa, mawese au karanga za kutwanga juu. Kisamvu, yaani sombe, ndo usikifanyie hivi! Majani ya muhogo yana sumu, lazima uyatwange vizuri na uyachemshe muda mrefu bila haraka, C itakufa yote ila karotini nyingi inabaki, basi ukimaliza kula sombe yako shushia na embe au pera.

Embe na papai lililoiva, ule umanjano wake ni karotini ileile. Na viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, kiazi kimoja cha wastani kinamtosha mtoto mdogo vitamini A ya siku nzima, tafuta mbegu zake kwa bwana shamba upande hata nyuma ya choo, vinakubali. Viazi vyeupe ni vitamu ila hiyo kitu havina.

Ugali wa muhogo mtupu unashibisha na basi. Siwaambii muache, mimi mwenyewe siwezi kulala bila huo, nasema kinacholiwa nao ndo chakula, kwaiyo mboga iwe nyingi na ugali uwe wa kusindikiza badala ya tulivyozoea, tonge kubwa na kidole kimoja cha mchuzi. Kwa mahindi dona inaishinda sembe, kwa sababu vitamini za B ziko kwenye lile ganda na kiini kinachotolewa mashineni. Jambo hili liligunduliwa kwa kuku: daktari wa Kiholanzi Christiaan Eijkman akiwa Java miaka ya 1890 aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wanapooza miguu, waliorudishiwa mchele wenye ganda wanapona, na baadae ikajulikana kilichokosekana ni B1. Unga wa dukani ulioongezwa virutubishi una nembo yake kwenye mfuko, ila mashine ya kusaga ya mtaani kwako haiongezi kitu, kwaiyo ukisaga mwenyewe saga dona.

Chai ya rangi usiinywe na chakula, inazuia chuma kuingia. Subiri saa moja. Na chumvi, ingawa hili ni la madini, tunayo chumvi ya Uvinza mkoani kwetu na bado watu wanapata rovu shingoni, angalia pakiti imeandikwa ina madini joto, ifunike, na itie chakula kikikaribia kuiva ili iodini isipotee na mvuke.

Dada ambao hamjabeba mimba bado

Hili naliandika kwa uzito. Foliki, yaani B9, ndo inayofunga uti wa mgongo wa mtoto tumboni, na unafungwa ndani ya siku 28 za kwanza, wakati ambao wengi hawajajua hata kama wana mimba. Ikikosekana hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi inakuwa kubwa. Kwaiyo kusubiri miezi minne ndo uende kliniki ukapewe vile vidonge ni kuchelewa kwa hili, ingawa vidonge bado vinakusaidia damu na usiviache. Anayepanga kuzaa aanze kumeza foliki kama mwezi mmoja kabla, mikrogramu 400 kwa siku, uliza zahanati au duka la dawa, na ale maharage na majani ya kijani kila siku. Kama uliwahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi dozi yako ni tofauti na kubwa zaidi, muone daktari kabla. Na usinywe miti shamba badala yake.

Mjamzito asimeze vidonge vya vitamini A vya nguvu kwa kujiamulia, vikizidi vinaweza kumuharibu mtoto aliyeko tumboni. Maembe na mawese hayana shida hiyo, mwili unageuza karotini kiasi unachohitaji.

Na hapohapo niseme kuhusu zile sirapu za multivitamini wanazouziwa kina mama eti mtoto apate hamu ya kula. Mtoto asiyekula ana sababu, inaweza kuwa minyoo, malaria, vidonda mdomoni, au amechoka kupewa uji mweupe uleule. Tafuta sababu kwanza, hela ya sirapu inanunua mayai.

Kadi ya kliniki

Kaichukue sasa hivi uiangalie. Matone ya vitamini A ni bure kwa watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, kila baada ya miezi sita, kampeni huwa Juni na Desemba na kuanzia mwaka mmoja wanapewa na dawa ya minyoo. Kapsuli ya bluu ni ya miezi 6 mpaka 11, nyekundu ni ya mwaka mmoja na kuendelea, zinakatwa ncha na kukamuliwa mdomoni. Kama safu ya vitamini A kwenye kadi ina nafasi tupu, iwe mlikuwa kambini, shambani, au mlisafiri kwenda msibani, usisubiri kampeni ijayo, nenda zahanati umwambie nesi mtoto alikosa. Na leo jioni, kabla hujawasha taa, mtandikie mkeka uwanjani, mwaga punje chache za mahindi juu yake umwambie aziokote, na wenzie waokote pembeni yake. Ukiona wenzie wanaokota na yeye anapapasa, kesho asubuhi uwe wa kwanza kwenye foleni.